Vaavua, Wala Si Tabaka

Mwishoni mwa vuli nilikabidhiwa vijana kumi na wanne wa skuli moja ya Kaskazini Pemba, tutembee kwa miguu siku tatu: Konde, msitu wa Ngezi, Vumawimbi, mnara wa taa wa Ras Kigomasha, kisha turudi kwa upande wa Tumbe hadi Micheweni. Pamoja na vijana nilikabidhiwa kijitabu cha mwongozo, kilichofasiriwa na watu ambao adabu yanizuia kuwataja. Ukurasa wa mavazi ulimtaka kila mshiriki awe na "tabaka la chini, tabaka la kati na tabaka la juu".

Niliusoma kwa sauti kama nilivyoagizwa. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akanyanyua mkono. "Mwalimu, mie baba'angu mvuvi. Hilo tabaka la juu nitalipata wapi?"

Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, ila usiku ule sikulala vyema, maana mtoto hakukosea hata neno moja. Alikisoma Kiswahili kama kilivyo. Aliyefasiri ndiye aliyekuwa akisoma lugha nyingine.

Dhana yenyewe haihitaji maelezo marefu. Yeyote aliyetoka Konde jua likiwaka, akaingia Ngezi akatota jasho kwa unyevu wa msitu, akatokea Vumawimbi akapokewa na upepo na manyunyu kwa pamoja, anajua kwa nini msafiri mwenye akili habebi koti moja zito. Hubeba nguo tatu nyepesi, akazipandisha moja juu ya nyingine, akazipunguza na kuziongeza kadiri hewa inavyogeuka. Hilo tunalifahamu. Ugomvi wangu ni wa jina.

Neno tabaka sina chuki nalo, wala sina chuki na Kiarabu kilichotupa. Mzizi wake unahusu kitu kinachofunika kingine kikalingana nacho, kama kifuniko na chungu chake. Sura ya Al-Mulk inazieleza mbingu saba kwa neno la mzizi huohuo. Wanajiolojia wana tabaka zao za miamba, wanasayansi wa anga wana tabaka la ozoni, na wanasiasa wa enzi ya ujana wetu walitujaza masikio kwa matabaka ya wanyonyaji na wanyonywao. Tazama sasa vitu hivyo vyote kwa pamoja: mbingu, mwamba, ozoni, bepari. Kipi kati ya hivyo kinavuliwa saa sita mchana kikakunjwa na kutiwa mkobani? Tabaka ni kitu kilichotulia mahali pake. Likiondoka, ni kwa mmomonyoko au kwa mapinduzi. Nguo za safari kazi yake yote ni kuondoka na kurudi.

Hapo ndipo mfasiri alipopotea. Aliziona nguo tatu zimepandana akauita mpandano huo kwa jina, asijiulize zimepandana ili iweje. Kisha, kwa kuwa jina pekee halikutosha kuujaza ukurasa, akatuletea "uwekaji tabaka wa mavazi". Kiswahili cha kamati kina maradhi haya ya kuanza na u na kuishia na ji, na ukiona maneno matatu ya namna hiyo katika sentensi moja, ujue waandishi walikuwa wanakaribia saa ya chai.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na ajabu nyingine: "mavazi ya uzito mwepesi". Msomaji wa kurasa za michezo atadhani vijana wangu wanapelekwa ulingoni. Uzito mwepesi ni wa mabondia, una mkanda wake na bingwa wake. Na hata tukiuacha ulingo, uzito uliokuwa mwepesi ni kitu gani? Ni ndugu wa urefu uliokuwa mfupi. Nilipojaribu kurekebisha nikasema "nguo nyepesi" tu, niliingia shimo jingine, maana mama mmoja alikuja skuli asubuhi yake, buibui limefungwa sawasawa, kuuliza mwanawe wa kike anatakiwa avae nguo nyepesi mbele ya nani. Kwetu nguo nyepesi ni ile inayoonyesha. Ilinibidi niseme "nguo zisizolemea mkoba", na mama akaenda zake ameridhika. Ni maneno matatu, nakubali, lakini hayakumvunjia mtu heshima.

Sasa nieleze neno langu lilikotoka, kwa sababu imesemwa mahali fulani kwamba nimelibuni mezani.

Nimelipata Kojani. Wakojani, kwa asiyewajua, ni watu wa dago: huacha kisiwa chao wakapiga kambi za uvuvi pwani za bara na hata za Kenya, wiki kwa wiki, miezi kwa miezi. Miaka kadhaa nyuma nilikaa na mzee mmoja akifunga kipolo chake cha safari. Hakikujaa hata nusu. Msuli mmoja, fulana mbili, sweta la mtumba lililochakaa viwiko, koti la mpira. Sweta hakulitia kipoloni. Alikuwa na dumu la manjano la mafuta ya kula, amelikata begani akaliacha na mfuniko wa ngozi yake mwenyewe kama mlango, na humo ndimo alimolisokomeza, dumu likakaa chini ya tezi. Nikamuuliza kwa nini asilivae tu, kwani safari ilikuwa ya usiku na kusi ilikuwa ikivuma.

"Baharini, mwanangu, nguo haivaliwi ikasahauliwa," alinijibu. "Unavaa, unavua, unavaa. Ukianza kuvuta nyavu, sweta litoe mapema. Anayengoja atote jasho ndio avue, keshachelewa. Jasho litamganda."

Profesa wa chuo gani angeieleza dhana hii kwa uzuri huo? Unavaa, unavua, unavaa. Nilichofanya mimi ni kuondoa viambishi tu. Likabaki neno vaavua.

Na tazama uzuri wa neno lenyewe. Kiswahili kina kauli ya kutendua, inayogeuza tendo kwa irabu ndogo: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua. Vaa na vua ni wa ukoo huo, tena ndio waliobaki wamekaribiana zaidi, wametenganishwa na irabu moja. Ndugu zao wa kusini hawajapoteza konsonanti iliyotutoka sisi: Wachewa wa Malawi wanasema vala na vula, Wabemba wa Zambia wanasema fwala na fuula. Kiswahili kina desturi ya kuiangusha l iliyo kati ya irabu mbili, ndiyo maana Mchewa anasema mvula nasi tunasema mvua. (Msomaji asikimbilie kudhani mvua ya mawingu na vua ya nguo ni ndugu kwa sababu zote mbili zinahusika na koti. Hazihusiani. Nimewahi kumsikia mtu mzima mwenye shahada akilidai hilo hadharani, nikaona haya kwa niaba yake.) Kwa hiyo unapotamka vaavua unatamka jozi ambayo Wabantu wameibeba katika safari zao tangu kabla ya kuijua bahari, na walitembea kwa miguu, siku zaidi ya tatu.

Nililipeleka neno kunakohusika. Sitasema wapi. Majibu yalichukua miezi saba na yalikuwa na pingamizi tatu, ambazo nitazitaja kwa utaratibu zilivyostahili, yaani kwa haraka.

Ya kwanza ilidai neno "linaashiria utupu". Hii ilitoka kwa watu ambao mwaka 2011 walisoma magazeti yaliyoandika kila siku kuhusu chama tawala kujivua gamba, wasione utupu wowote. Mtu huvua viatu mlangoni mwa msikiti, huvuliwa cheo. Kama akili ya mjumbe inakimbilia mahali pamoja tu kila asikiapo kitenzi hiki, tatizo haliko kwenye kitenzi.

Ya pili ilidai kwamba Kiswahili "hakiunganishi vitenzi viwili kuunda nomino". Nikajiuliza wajumbe wanaishi nchi gani. Patashika ni nini? Pata na shika, na hakuna mtangazaji wa mpira anayeweza kumaliza dakika tisini bila hiyo. Pandashuka za maisha ni nini? Panda na shuka, tena ni jozi ya kinyume kama yangu. Ngeli yake haina fumbo: vaavua hii, vaavua zetu.

Ya tatu ndiyo iliyoniuma. Neno, walisema, "lina harufu ya lahaja". Lahaja ipi? Vaa ni vaa Mombasa, Dar es Salaam na Bukavu. Harufu waliyoisikia ni ya anwani yangu. Tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, sisi wa Pemba tumezoea kuletewa maneno kwa meli, kama saruji. Neno likisafiri kwa upande wa pili, linakaguliwa bandarini.

Yupo pia mwenzangu mmoja, namheshimu, aliyependekeza "rundavazi", kutokana na rundo na vazi. Nimelitafakari kwa nia njema. Rundo ni la takataka au la mawe ya kujengea. Mtu aliyevaa rundavazi namwona amekaa pembeni ya jaa akisubiri gari la manispaa. Mwenzangu huyu ni wa kizazi kilichotupa ngamizi na tarakilishi kwa pamoja, wananchi wakaziangalia zote mbili, wakaendelea kusema kompyuta. Ningetegemea kwamba msiba ule ungemfunza upole.

Kwa upande wa matumizi, kwa ufupi: fulana mbili za nailoni au za sufu laini, si za pamba, kwani pamba hushika maji na haikauki mkobani, sweta jepesi, koti la mvua linalokunjika likaenea mkononi, msuli au kanga, ambayo ni shuka, taulo, kilemba na pazia. Jinzi ibaki nyumbani. Nguo ya kulalia ifungwe peke yake ndani ya kitu kisichopitisha maji, isiguswe mpaka usiku. Panda mlima kwa kanuni hiyohiyo, ila ongeza: hewa hupungua joto kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000, na Kilimanjaro ina mita 5,895, wakati vilima vyetu vya Pemba havifiki hata 150. Nguo za joto utazipata kwenye mitumba kwa bei ndogo. Na hili nalo lina utamu wake, kwa sababu mtumba zamani ulikuwa ni robota la nguo alilotwikwa mpagazi wa misafara ya kwenda bara. Neno lilianza safari kichwani kwa mpagazi, likazunguka dunia, likarudi likiwa sweta la Mzungu. Nilitaka kuliandikia ukurasa mzima lakini mhariri amenionya.

Vijana wangu hawakungoja idhini ya mtu. Siku ya pili, njiani kutoka Kigomasha, wingu lilisimama upande wa bahari, na yule yule wa safu ya nyuma akapiga kelele, "Vaavua!" Wote kumi na wanne walitua mikoba wakavaa makoti. Robo saa baadaye jua lilitoka, akapiga kelele ileile, wakavua. Neno moja, amri mbili, na hakuna aliyeuliza ni ipi. Jaribu kupiga kelele "uwekaji tabaka wa mavazi" huku mvua imekukaribia hatua hamsini.

Wiki iliyopita nilivuka tena Kojani na rasimu ya makala hii, nikaona ni haki mzee yule aone mbegu yake ilivyoota. Alikuwa kwenye kivuli cha mkungu anashona wavu. Alifuta mikono, akaishika karatasi mbali na macho, akalisoma neno mara mbili kwa silabi.

"Vaa-vua," akasema. "Kuvua samaki umevaa nguo?"

Nikamweleza kuwa hapana, ni ile vua nyingine, ya mwilini.

"Maana sisi sote twavua tumevaa," akasema, akanirudishia karatasi yangu na kuutafuta tena uzi wake.

Nimelitafakari jambo hili njia nzima ya kurudi. Mzee ni mvuvi, na ushahidi wake juu ya herufi hizo tatu una upendeleo ulio wazi.