Baka la Epidemisi

Daktari wa ngozi anapoandika "nevasi ya epidemisi" kwenye faili la mtoto, mzazi huelezwa kwamba mwanawe ana alama ya kuzaliwa. Si uongo, kwani naevus kwa Kilatini ni hiyo hiyo alama ya kuzaliwa, na epidemisi ni tabaka la juu kabisa la ngozi. Tatizo ni kwamba alama ya kuzaliwa kwa Kiswahili ni kapu kubwa mno: mna wekundu wa mishipa ya damu, mna doa jeusi la shavuni, mna hata ule ubuluu wa matakoni mwa kichanga unaofifia wenyewe. Nevasi ya epidemisi ni tofauti na hizo zote. Hapa seli za tabaka la juu, au tezi zake za mafuta, zimezidi mahali pamoja, ngozi ikanyanyuka na kuparuza mithili ya chunjua. Tena si lazima ionekane siku ya kuzaliwa. Nyingine hujitokeza utotoni. Ile ya tezi za mafuta, aliyoieleza Josef Jadassohn mwaka 1895, huanza kichwani kama kipara kidogo cha manjano na hunenepa wakati wa balehe. Ndiyo maana naona "baka la epidemisi" ni tafsiri bora: baka ni neno la ngozi tangu zamani, na halimfungi mtu kwenye tarehe ya kuzaliwa.

Atakayepinga atasema kwamba mabaka ni ya fangasi. Ni kweli, lakini fangasi huambukiza na hutibika, na neno "epidemisi" linatenga maana hiyo papo hapo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba baka hudokeza kitu kilichotapakaa ovyo, ilhali nevasi hii ina mwelekeo wake. Mwaka 1901 Alfred Blaschko, daktari wa Berlin, alichora mabaka ya wagonjwa wengi juu ya umbo la mwanadamu, akaona yanafuata mistari ile ile: pembe ya V mgongoni, mikunjo ya S ubavuni na tumboni, mizunguko utosini. Mistari hiyo haifuati neva wala mishipa ya damu. Leo inaeleweka kuwa ni njia ambazo seli za ngozi zilipita zikijigawa wakati kiinitete kinakua. Hilo haliwezi kuingia katika jina moja, na sidhani istilahi inapaswa kubeba somo zima.

Kinachopaswa kupata istilahi yake ni chanzo. Jeni hubadilika katika seli moja baada ya mimba kutungwa, na vizazi vya seli hiyo pekee hurithi badiliko, hivyo mtu mmoja huwa na aina mbili za seli. Kuita hali hii "viraka" kunavutia, lakini kiraka hushonwa nguo ikishachakaa, na hapa tofauti imo tangu kitambaa kinafumwa. Bora tukope tu: mozaiki. Mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba nevasi ya tezi za mafuta hutokana na badiliko la namna hiyo, mara nyingi katika jeni ya HRAS, mara chache KRAS. Badiliko likitokea mapema sana, seli zenye hitilafu huenda mbali kuliko ngozi. Mtoto mwenye baka pana, hasa la kichwani na usoni, huweza kuwa na kifafa, kasoro za macho, au mifupa iliyopinda kwa matege yasiyosikia vitamini D kwa sababu figo zinamwaga fosfati. Daktari Schimmelpenning alieleza mkusanyiko wa aina hii mwaka 1957.

Kwa hiyo tuseme sindromu za baka la epidemisi, kwa wingi. Sindromu ya CHILD, kwa mfano, ina njia yake: baka hufunika upande mmoja na kukoma ghafla katikati ya mwili, mkono au mguu wa upande huo huweza kuwa mfupi, na karibu wote wanaoipata ni wa kike, maana jeni husika, NSDHL, imo katika kromosomu X. Wapo watakaosema kuwa kumtajia mzazi mambo haya ni kumtisha bure, kwa kuwa watoto wengi wenye baka dogo hawana tatizo jingine lolote. Hoja hiyo ni nzuri dhidi ya kumpima kila mtoto ubongo; haitoshi kuficha maana ya neno. Hata mtu mzima mwenye baka lisilomsumbua anaweza kuihitaji. Katika aina moja, badiliko huwa kwenye jeni za keratini, KRT1 au KRT10. Likiwa limefika pia katika mayai au mbegu zake za uzazi, mtoto wake huweza kulirithi katika kila seli, akazaliwa na ngozi yenye malengelenge na magamba mwili mzima.