Mtoto Abaki na Nani? Habari za Malezi ya Mchana katika Magomeni

Katika kitabu hiki cha jubilei ndugu wengine wameandika habari za makanisa, za shule, na za wamisionari waliotutangulia. Mimi nimepewa nafasi ya kuandika habari iliyo ndogo kuliko zao, nayo ni hii: hapa Magomeni, mama atokapo alfajiri kwenda sokoni, mtoto wake ambaye hajafikia umri wa shule hubaki na nani? Ndugu mmoja alipoisikia alicheka, akasema, "Hiyo ni habari ya uani." Naam, ni ya uani, nami nitafika huko upesi, ila kwanza yafaa nitaje mambo machache ya pwani ya zamani.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, na Wabenediktini walipofika Pugu mwaka 1888, walikusanya watoto waliokombolewa katika utumwa, wakawalisha, wakawalaza, wakawafundisha. Walakini hayo yalikuwa makao. Watoto wale hawakuwa na mama wa kuja kuwachukua jioni. Malezi ya mchana, kwa mtoto mwenye wazazi wake, twayaona zaidi kwa Waislamu wa pwani, ambao tangu kale waliwapeleka watoto wadogo chuoni asubuhi, nao wakakaa mkekani mbele ya mwalimu wao hata jua likawa kali. Tusione haya kukiri kwamba jirani zetu walitutangulia katika jambo hili.

Basi mji wa Dar es Salaam ulipopanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, Magomeni ikaanza kujengwa kandokando ya barabara ya Morogoro, ikajaa watu katika miaka ya 1950. Wengi waijua kwa sababu Mwalimu Nyerere alikaa hapa baada ya kuacha kufundisha Pugu mwaka 1955, na nyumba ile sasa ni makumbusho. Lakini mimi nataka msomaji azitazame nyumba za watu wa kawaida. Zilijengwa kwa namna ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma yake uani, penye jiko na choo na kamba za nguo. Kila chumba kilikuwa na watu wake, mara nyingi wa makabila mbalimbali, bali uani palikuwa pa wote, na hapo ndipo watoto walipolelewa. Mama mmoja akienda sokoni, wenzake wawili watatu walibaki wakipika. Mtoto akianguka, aliye karibu alimwinua. Akikosa adabu, aliye karibu alimchapa, wala mama yake hakuuliza kwa nini. Malipo hayakuwapo, ila jioni kipande cha samaki au kibaba cha unga, nacho hakuna aliyekiita malipo.

Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Mama yangu aliuza nyanya na vitunguu Kariakoo, katika soko lile lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, naye aliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri. Nilibaki na Bibi wa chumba cha pili, Mzaramo, ambaye hakuwa wa damu yetu wala wa dini yetu. Tulikuwa watoto wanne chini yake. Alikuwa na amri moja tu iliyo kuu: mtoto asionekane kupita mlango wa mbele kabla mama yake hajarudi. Huko nyuma uani tuliruhusiwa karibu yote.

Miaka ile mishahara ilikuwa imepungua thamani, na katika nyumba nyingi mwanamke ndiye aliyeleta chakula kwa maandazi yake na mboga zake. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Watu wasio na kitambulisho cha kazi wakakamatwa mitaani, na wengine wakapelekwa vijijini. Mama alinisimulia baadaye jinsi walivyokuwa wakifunika mabeseni kwa kanga na kukimbia. Nayaandika haya kwa sababu tangu siku hizo, kwa wanawake walio kama mama yangu, kibali na leseni ni maneno ya kuulizwa na askari. Asiyejua hayo hawezi kuelewa yatakayofuata.

Maana wakati ule ule palikuwapo sheria nyingine, nayo ilikuwa ya kuwalinda watoto. Tangu mwaka 1962, ulipoanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, palihimizwa vituo vya kulelea watoto wadogo ili mama zao wapate kufanya kazi, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 jambo hilo likafika hata vijiji vya ujamaa. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, iliyotaka kila kituo kiandikishwe na kukaguliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaifuta ile na kuyatwaa mambo yake: atakaye kufungua kituo huomba leseni kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na mahali pake hutazamwa kama pana usalama, kama pana choo na nafasi ya kutosha, na kama walezi wana mafunzo, kama yale yatolewayo Kisangara katika wilaya ya Mwanga. Sheria ni njema. Sijapata kumsikia mzazi aliyesema ni mbaya.

Lakini tazameni jinsi inavyokaa mtaani. Mwenye leseni amejenga, ameweka uzio, amelipa mishahara ya walezi waliosoma. Basi hutoza ada yake kwa mwezi au kwa muhula, na fedha yote huitaka mbele. Hufungua saa moja na nusu, na mchana huwarudisha watoto. Muuza mboga naye apata fedha yake kila siku, leo nyingi na kesho hakuna, tena saa kumi na moja alfajiri yuko Mabibo au Tandale akichagua mzigo. Hata kama jumla ya fedha ingelingana, saa hazilingani. Kwa hiyo humpeleka mtoto kwa mama wa jirani apokeaye kwa siku, afunguaye mlango kukiwa bado na giza, wala hana leseni. Wengine huleta binti kutoka bara awe yaya, na mara nyingine binti huyo mwenyewe ni mtoto wa kuketi darasani; juu ya hilo walimu wajua kuliko mimi.

Aliyeajiriwa ofisini ana nafuu, lakini si kubwa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na baada yake saa zisizozidi mbili kila siku za kumnyonyesha mtoto. Mke wangu alizihesabu siku hizo moja moja. Nyumba yetu haikuwa na Bibi wa chumba cha pili. Wapangaji wote walikuwa watu wa kutoka asubuhi. Tuliuliza vituo viwili vyenye leseni, tukarudi kimya. Ndipo tukampeleka kijana wetu kwa mama mmoja ambaye jina lake silitaji, kwa kuwa alikuwa mwema na alifanya alivyoweza.

Mwaka 2014, kijana akiwa na miaka mitatu, siku moja alitoka. Mlezi alikuwa na watoto tisa, na mmoja alikuwa akitapika. Wakati ule barabara ya Morogoro ilikuwa ikichimbwa na kujengwa kwa ajili ya mabasi yaendayo haraka, ambayo yalianza kazi mwaka 2016, na pande zote palikuwa na mashimo na magari ya kokoto. Kondakta mmoja wa daladala alimwona amesimama ukingoni mwa shimo, ameshika kiatu kimoja. Akamshika mkono, akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba. Nilipofika, mama yule alikuwa amekaa chini mlangoni, hawezi kusema. Mimi pia sikusema neno. Nilijua ya kuwa nilinunua malezi niliyoyaweza, nami nikapewa hayo hayo. Kesho yake sikuwa na mahali pengine pa kumpeleka, nikampeleka pale pale.

Uani nako kunapungua. Mwaka 2011 wakaazi wa Magomeni Kota, kaya 644, waliondolewa ili nyumba zao za zamani zibomolewe, nao wakatawanyika mjini kutafuta vyumba. Majengo mapya yalizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 23 Machi 2022. Ni mazuri, yana maji na umeme, na wazee wanayashukuru. Ila bibi akaaye juu ghorofani hawezi kuwatazama watoto wa nyumba sita akipepeta mchele.

Serikali imeliona jambo hili, kwa maana Desemba 2021 ilizindua programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Mimi naona kwamba leseni haitapungua maana ikifuatwa na mtu wa kumsaidia mama wa mkekani aifikie. Aonyeshwe la kutengeneza kwanza, apewe muda, asianze kwa kufungiwa mlango.

Hayo si maneno matupu, kwa kuwa tunayo kazi hiyo mikononi. Mama mmoja wa mtaa wetu alikuwa akilea watoto chumbani mwake. Mwaka huu alikubali, baada ya kukataa mara mbili, twende pamoja kwa afisa ustawi wa jamii. Afisa alimsikiliza vizuri, akaeleza yanayohitajiwa: mlango wa pili, choo kinachowafaa wadogo, uzio, na mlezi mwenye cheti. Chumba chake hakikuweza kuwa na mlango wa pili. Basi baraza ya wazee wakabishana majuma matatu juu ya darasa letu la katekisimu. Mzee mmoja aliogopa sakafu, mwingine viti vya Jumapili, na mwingine akauliza kama watoto wa Waislamu nao wataingia. Akajibiwa kwamba saba kati yao ni Waislamu, na kwamba katekista wenu alilelewa na nani.

Fundi amekwisha pima uzio wa upande wa barabara. Binti wa mama yule ameomba nafasi ya mafunzo. Fomu haijajibiwa bado. Watoto ni kumi na wawili, hulipiwa kwa siku, na wa kwanza huletwa saa kumi na moja na nusu, nami humkuta na mama yake wamesimama mlangoni, beseni chini, wakiningoja na ufunguo.