Nani Amelipia Kuisoma Ufipa?

Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walitafuna mashamba katika sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika. Makundi ya nzige hao yalikuwa na mazalia yake, na moja ya mazalia makuu lilikuwa chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, unaoutenga uwanda wa juu wa Ufipa na bonde la Rukwa kusini-magharibi mwa Tanzania, kwenye mbuga za majani zinazofurika na kukauka kandokando ya Ziwa Rukwa. Serikali za kikoloni zilipolitambua hilo zilichanga fedha, na mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu. Makao yake yalikuwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, si mbali na maporomoko ya Kalambo.

Fedha hizo ni miongoni mwa fedha kubwa za mwanzo kutumika kuyachunguza mazingira ya Rukwa kisayansi, na zilizaa matunda. Mtaalamu mmoja wa shirika hilo, Desmond Vesey-FitzGerald, alikaa miaka mingi akitazama majani ya bonde, maji yake na wanyama wake. Mwaka 1960 alichapisha makala iliyoeleza jinsi wanyama wanavyopokezana malisho: tembo na nyati hutangulia kukanyaga na kula majani marefu, kisha nyamera na wengine wadogo hufuata na kula machipukizi. Wazo hilo lilikuja kutumiwa sana na watafiti wa Serengeti. Wanafunzi wengi wa ikolojia wanalijua kwa jina la Serengeti, lakini lilichipukia Rukwa.

Watu wa bonde na wa uwanda wa juu walikuwepo katika kazi ile, ila kama vibarua. Mzungu alilipiwa aandike, mwenyeji akalipwa abebe. Nakianza kisa hiki hapo kwa sababu kimejirudia katika miaka iliyofuata, na kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo kila familia ya Sumbawanga yenye kijana wa kidato cha sita inapaswa kulijua: fedha za kusomea mazingira hufuata hofu ya anayelipa. Hofu ya wakati ule ilikuwa nzige.

Kijana wa Kifipa wa miaka ile alikuwa na njia mbili za kufikia elimu ya juu, zote nyembamba. Ya kwanza ilikuwa seminari. Mapadri wa Shirika la White Fathers walikuwa Karema tangu mwaka 1885, na Kanisa liligharimia masomo ya waliotaka upadri, ambao hatimaye walifika seminari kuu ya Kipalapala, Tabora. Ya pili ilikuwa shule za serikali, na kwa wachache sana Makerere, kwani Tanganyika haikuwa na chuo kikuu. Makerere ilifundisha kilimo, na serikali ya kikoloni iliwalipia wale iliowahitaji katika idara zake. Hakuna aliyelipiwa kwenda kusomea jinsi bibi yake alivyolima.

Na bibi yake alikuwa na mengi ya kufundisha. Kilimo cha intumba, ambacho Wafipa wamekiendesha tangu enzi, ni ujuzi kamili wa udongo. Majani hung'olewa na kurundikwa, udongo hugeuzwa juu yake yakawa matuta ya mviringo, na mazao kama maharage hupandwa juu. Majani yakishaoza, msimu unaofuata matuta husambazwa na ulezi hupandwa kwenye rutuba ile. Ufipa ni uwanda wenye miti michache. Mkulima hakuwa na msitu wa kufyeka na kuchoma kila mwaka kama majirani zake wa nchi za miombo, hivyo mbolea yake aliitoa kwenye majani. Wataalamu wa kilimo kutoka nje wameandika juu ya matuta hayo kwa miongo mingi.

Uhuru ulibadili mlipaji. Chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi 14, wote wa sheria, na tangu siku hizo za mwanzo taifa lilimbeba mwanafunzi wake: ada, chakula, malazi, vitabu, hata nauli. Kwa mtoto wa Sumbawanga nauli haikuwa jambo dogo. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara ya Tunduma na Mbeya, na kabla ya lami njia hiyo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Wengine walipanda lori kwenda kaskazini hadi Mpanda na kuipata treni huko. Waranti ya serikali ndiyo iliyomfikisha mtoto wa mkulima wa ulezi kwenye ukumbi wa mihadhara.

Taifa nalo lilidai chake. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa na sharti la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara katika kipindi hicho cha utumishi. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300 na kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaongeza sharti la kufanya kazi kwanza na kupata mapendekezo ya chama kabla ya kuingia chuo kikuu. Azimio hilo lililalamikiwa sana mijini, na malalamiko mengine yalikuwa ya haki. Hata hivyo nadhani kwa mikoa kama Rukwa, mkoa ulioundwa mwaka huohuo wa 1974, kulikuwa na jema ndani yake: bwana shamba aliyekwisha kutembea vijijini alikwenda Morogoro akiwa na maswali ya kuuliza.

Morogoro ndiko elimu ya mazingira ilikopata makao ya kudumu, ingawa haikuitwa hivyo. Kitivo cha Kilimo kilianza huko mwishoni mwa miaka ya 1960, elimu ya misitu ikaongezwa katika miaka ya 1970, na mwaka 1984 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, kikasimama chenyewe. Elimu ya misitu ilijengwa kwa msaada mkubwa wa Norwei, na walimu wake wengi wa Kitanzania walikwenda kusomea shahada za juu katika nchi hiyo kwa ufadhili.

Norwei hiyohiyo ilikuwa Rukwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 shirika lake la misaada, NORAD, liliuchukua mkoa huu kuwa mmojawapo wa mikoa ya kusaidiwa kwa karibu. Visima, mabomba na mradi wa maendeleo vijijini ulioitwa RUDEP viliendelea hadi katikati ya miaka ya 1990. Wazee wa Nkasi na Sumbawanga wanaikumbuka miaka ile kwa magari na kwa maji. Mikono miwili ya mfadhili mmoja, basi: mmoja ukisomesha wataalamu wa misitu Morogoro, mwingine ukichimba visima Ufipa. Lau mikono hiyo ingeshikana, kwa kutenga kila mwaka nafasi chache za vijana wa mkoa kwenda kusomea misitu na maji kisha kurudi, leo tungekuwa na kizazi kizima cha wataalamu waliozaliwa mlangoni pa msitu wa Mbizi. Mradi ulipofungwa, magari yaliondoka. Mtaalamu mzaliwa angebaki.

Yapo mafanikio yanayostahili kutajwa. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, alijitosa katika historia ya uhunzi wa chuma wa Ufipa, ile tanuri ndefu kupita kimo cha mtu iitwayo ilungu, na kazi yake ilimpatia shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1995. Anayesoma utafiti wa aina hiyo husoma pia habari za miti, makaa na udongo, kwa maana chuma hakiyeyuki bila msitu. Hapo Mtanzania alilipiwa kuisoma Ufipa na akaandika kwa jina lake. Ndiyo picha tuliyoikosa wakati wa nzige.

Lakini wakati kazi kama hizo zikiiva, mlango wa chini ulikuwa ukifungwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali, ikiwa imebanwa na madeni na masharti ya wakopeshaji, ilianzisha uchangiaji wa gharama katika elimu ya juu. Tazama kilichoondolewa kwanza: nauli ya kwenda na kurudi chuoni, pamoja na ada za maombi na usajili. Kwa mwanafunzi wa Kibaha hiyo ilikuwa hasara ndogo. Kwa wa Sumbawanga ilikuwa thamani ya magunia kadhaa ya mahindi, kila mwanzo na kila mwisho wa mwaka wa masomo. Sera iliandikwa sawa kwa wote, na ramani ikaifanya iwe nzito kwa wa mbali. Baadaye chakula na malazi vikageuzwa kuwa mkopo.

Nafuu mojawapo ya wakati huo ilikuwa Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Kituo chake cha Sumbawanga kilimwezesha mwalimu au ofisa wa halmashauri kusoma bila kuacha kazi, na masomo ya mazingira yamo katika orodha ya kozi zake.

Kisha ukaja mwaka 2004. Katika mwaka mmoja huo Bunge lilipitisha sheria mbili ambazo kwa maoni yangu zingepaswa kusomwa pamoja. Sheria Namba 9 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Sheria Namba 20, ya Usimamizi wa Mazingira, iliitaka kila halmashauri kuwa na ofisa wa mazingira. Sheria moja ilitengeneza kazi, nyingine mkopo wa kuisomea. Hazikuunganishwa. Bodi ilipopanga vipaumbele, mbele walikaa walimu wa sayansi na hisabati, madaktari na wahandisi. Mazingira yaligawanyika: yanayofundishwa kama uhandisi, kama pale Chuo Kikuu Ardhi, yalisogea karibu na mbele, yanayofundishwa kama jiografia yalibaki kusubiri salio.

Familia nyingi za Ufipa hujazia pengo kwa mahindi. Rukwa ni mmoja wa mikoa mikubwa ya nafaka nchini, na kalenda ya shamba hukutana na ya chuo: mavuno hukamilika katikati ya mwaka, ununuzi wa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hufuata, na vyuo hufunguliwa Oktoba na Novemba. Bei ikiwa nzuri, ada inapatikana. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi, na bei ikaanguka vibaya huku maghala yakiwa yamejaa. Wachumi waliandika kuhusu soko. Sisi tunaowafahamu wazazi waliokuwa wakiuza debe baada ya debe tunajua kuwa kulikuwa na wanafunzi ndani ya bei ile. Mwanafunzi wa mazingira anayelipiwa na mahindi hutegemea mvua na udongo uleule anaokwenda kuusomea.

Hofu ya wafadhili nayo ilikuwa imehama, sasa ikawa tabianchi. Mwaka 2008 Norwei iliahidi fedha nyingi kwa ajili ya misitu na tabianchi nchini, na kutokana nazo, mwaka 2009, ulianza mpango ulioitwa CCIAM ukiongozwa na SUA pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Ardhi na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ulisomesha Watanzania katika ngazi za uzamili na uzamivu, na hilo ni jema lisilopingika. Katika muongo huohuo watafiti wa Wildlife Conservation Society walipanda Mbizi, msitu ulio juu ya mji wa Sumbawanga, kuwahesabu mbega wekundu, kima adimu ambao magharibi mwa nchi wamebaki katika vipande vichache vya misitu. Walikuta msitu uliomegwa na moto na ukataji wa miti.

Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza mkopo umeboreka. Fedha ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka 2022. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, na huo ulikuwa uamuzi wa haki kwa waliokuwa wakilipa miaka mingi bila kuona deni likipungua. Ufadhili wa Samia kwa waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi ulianza mwaka 2022, na mwaka uliofuata mikopo ikafika kwa wanafunzi wa stashahada katika fani teule, kilimo na mifugo zikiwamo. Mtoto wa Laela au Matai ana milango mingi kuliko dada yake wa mwaka 1995.

Panapobana ni kwenye fedha za uwandani. Mkopo una kipengele cha mafunzo kwa vitendo na cha utafiti, lakini kiasi hakijui umbali. Mwanafunzi wa Morogoro anayetaka kupima chemchemi za Mbizi au kulinganisha udongo wa intumba na wa shamba la mbolea ya dukani lazima avuke karibu kilomita 1,000, alipe chumba, pikipiki na vipimo vya maabara. Wengi hufanya hesabu na kuandika tasnifu kuhusu milima ya Uluguru, inayoonekana dirishani. Siwalaumu. Uluguru imesomwa sana, inastahili kusomwa, na Mbizi inangoja.

Ramani yenyewe imeanza kusogea. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kina ndaki Rukwa, iliyopata fedha za mradi wa elimu ya juu wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. SUA ina kampasi ya Mizengo Pinda wilayani Mlele, Katavi. Lami ya Tunduma hadi Sumbawanga imekamilika. Mtafiti hahitaji tena lori la siku mbili.

Ninachokiomba kwa madiwani wa Manispaa ya Sumbawanga na wa Nkasi na Kalambo ni kifungu kimoja katika bajeti ya mwaka: nauli, malazi na gharama za maabara za mwanafunzi mmoja wa mazingira, mzaliwa wa Rukwa au yeyote aliye tayari, kwa sharti kwamba autafiti uwanda huu na nakala ya tasnifu ibaki kwa ofisa wa mazingira wa halmashauri. Vikao vya bajeti hukaa mwanzoni mwa kila mwaka, na mada ya kwanza ipo tayari: hali ya vyanzo vya maji vinavyotoka Mbizi.