Octave Alikuwa Mwalimu

Mwezi uliopita kijana wa jirani yetu hapa Mbalizi alinikuta kibarazani. "Shikamoo kaka." "Marahaba, za chuo?" Akajikuna kichwa. Yuko likizo, wakifungua tu wana semina ya siku mbili ya MATLAB, na kila mtu aje na programu yake kwenye laptopu. Sasa amesikia sisi watu wa zamani huwa tunatunza vitu. Alichotaka ni flashi.

Flashi hiyo naijua. Enzi zetu ilikuwa nyekundu, ndani yake MATLAB iliyovunjwa kufuli, na ilipita bweni kwa bweni kama hadithi ya Shigongo. Chuo chenyewe kilikuwa mbali na Mbeya, sikitaji. Semina yetu ilikuwa na watu zaidi ya sitini na mashine nzima kumi na mbili. Siku ya pili asubuhi programu ikagoma zote kwa pamoja: kibali kimekwisha. Mwezeshaji, mungwana yule, akachukua chaki akaandika amri ubaoni, sisi tukanakili kwenye madaftari. Jioni tukapewa vyeti. Sikuuliza hata siku moja kitu kile kilitoka wapi. Na leo naishi kwa kuuliza watu maswali!

Basi nimeuliza, nimechelewa lakini nimeuliza.

Kwetu kompyuta ilianza kwa mguu mbaya. Ya kwanza ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine aina ya ICT 1500. Mambo ya hesabu za serikali hayakwenda kama ilivyotarajiwa, fedha za kigeni zikaliwa, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ilikuja kulegezwa baadaye, lakini piga hesabu ya miaka. Chuo cha Ufundi Mbeya, ambacho siku hizi ni MUST pale Iyunga, kilianza mwaka 1986 kwa msaada wa Wasovieti, miaka 12 tu baada ya marufuku ile.

Katika miaka hiyohiyo ya milango kufungwa kwetu, Marekani kulikuwa na mwalimu wa hisabati anaitwa Cleve Moler, Chuo Kikuu cha New Mexico. Shida yake ilikuwa ya darasani. Kulikuwa na programu nzuri za kukokotoa matriki, zile namba zinazopangwa kwa safu mlalo na safu wima, ila kuzitumia kulidai mwanafunzi aandike Fortran. Moler akawatengenezea wanafunzi wake njia ya mkato mwishoni mwa miaka ya 1970, akaiita MATLAB. Na hapa ndipo nilipoweka kikombe chini: aliigawa bure. Biashara ilikuja mwaka 1984, yeye na Jack Little na Steve Bangert walipoanzisha kampuni ya MathWorks. Siwalaumu, mtu ale jasho lake. Lakini kitu tulichokuwa tunakiiba kwa flashi kiliwahi kuwa zawadi ya mwalimu kwa wanafunzi.

Zawadi ikarudi kwa mlango mwingine. James Rawlings wa Wisconsin na John Ekerdt wa Texas walikuwa wanaandika kitabu cha uhandisi wa kemikali, na walichoshwa na jambo lilelile: wanafunzi wanamaliza muda wakisaka makosa ya Fortran, kemia yenyewe hawaigusi. John Eaton akaanza kuwaandikia programu mwaka 1992, toleo la 1.0 likatoka mwaka 1994, huru kwa yeyote kuitumia, kuifungua na kuibadilisha. Ikaitwa Octave. Wengi hudhani ni jina la muziki. Hapana, ni Octave Levenspiel, profesa aliyemfundisha Eaton, mzee aliyesifika kwa kukisia majibu haraka nyuma ya bahasha.

Amri nyingi tulizonakili ubaoni siku ile zingekubali ndani ya Octave bila kubadilisha herufi. Ilikuwepo. Hakuna aliyetuambia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kibali kilichokwisha. Wala huwezi kusema Tanzania haikujua programu huria: Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu ile iliruhusu mtu aingie ndani na maneno yake. Ya kwenye flashi nyekundu unaingiaje?

Kijana nikamwambia flashi sina, ila arudi na bando la usiku. Tukaipakua Octave, mamia ya megabaiti, umeme ukituvumilia. Asubuhi nikampa swali la sokoni. Madebe 2 ya viazi na 1 la mahindi ni shilingi 35,000. Debe 1 la viazi na 3 ya mahindi ni 55,000. Akaandika matriki yake, akakosea mkwaju ulalie wapi, akarekebisha. Majibu yakatoka: viazi 10,000, mahindi 15,000.

Akakiangalia kioo kidogo, kisha akaniangalia mimi.

"Kaka, hizi bei za mwaka gani?"