Mitumba: Bahati iko kwa anayewahi na kukagua

NGUO ya mtumba huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu kila aliyeishika njiani amebahatisha. Muuzaji hununua belo lililofungwa bila kuona kilichomo, na mnunuzi naye huchukua vazi ambalo aghalabu halirudishwi. Anayefahamu jinsi bahati nasibu hiyo inavyokwenda ndiye anayerejea nyumbani na shati jema kwa bei nafuu. Asiyefahamu hulipia dosari atakayoiona akishafika kwake.

Asili ya jina

Mtumba ni furushi au bunda la mzigo, na nguo hizi zilipata jina hilo kwa kuwa hufika zikiwa zimefungwa. Zamani nchini Tanzania ziliitwa pia "kafa Ulaya", kwa imani kwamba mwenyewe amefariki huko na mali yake imeletwa huku. Nchini Ghana zipo katika jina linalofanana na hilo, "obroni wawu", yaani mzungu amekufa. Wazambia huziita "salaula", neno linaloeleza kuchagua kwa kupekua lundo.

Imani hiyo ina chembe ya ukweli. Huko Marekani, mtu anapofariki, warithi wake huweza kufungua nyumba na kuuza vyombo, samani na nguo zake, na kisichopata mnunuzi hupelekwa kwenye mashirika ya misaada. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mitumba hutoka kwa watu walio hai ambao wamezichoka nguo zao.

Njia ya nguo hadi sokoni

Mashirika kama Oxfam ya Uingereza na Goodwill, iliyoanzishwa Boston nchini Marekani mwaka 1902, hupokea nguo za kutolewa bure na kuuza baadhi katika maduka yao. Zinazobaki huuzwa kwa kilo kwa kampuni za uchambuzi. Kampuni hizo huzitenga kwa aina na daraja, huzishindilia kwa mashine na kuzipakia kwenye makontena. Uchambuzi mwingine hufanyika Umoja wa Falme za Kiarabu, India na Pakistan. Kwa hiyo, nguo ifikapo bandari ya Dar es Salaam au Mombasa huwa imekwishachaguliwa zaidi ya mara moja.

Nchini Tanzania, biashara hii ilishamiri baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Leo masoko yanayofahamika zaidi ni Karume, Manzese na Tandika jijini Dar es Salaam, Memorial mjini Moshi na Mlango Mmoja jijini Mwanza. Nairobi ina Gikomba na Toi, Mombasa ina Kongowea na Kampala ina Owino.

Kamari ya belo

Belo la nguo kwa kawaida huwa na kilo 45 hadi 55, nalo huuzwa kwa aina, kama vile mashati ya kiume, magauni au nguo za watoto. Mchuuzi hulipa kwanza, ndipo hukata kamba. Akikuta nguo safi, faida yake hupatikana kwenye nguo chache za juu. Akikuta makoti mazito ya baridi wakati anauzia Dar es Salaam, mtaji wake unaweza kukwama, ingawa mzigo huo huo ungepata wanunuzi Njombe au Makete.

Hatari nyingine ni ya soko lenyewe. Januari 2022 moto uliteketeza soko la Karume, na bidhaa za wachuuzi wengi zikateketea humo. Mnunuzi anayepatana bei anafaa kukumbuka kwamba muuzaji naye ana belo la kurudishia fedha.

Saa ya kununua

Mabelo mengi hufunguliwa asubuhi. Wachuuzi wa rejareja na wenye maduka ya nguo hufika mapema kuchukua zile bora, ambazo jijini Nairobi huitwa "kamera". Za mwisho, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, huitwa "fagia". Anayetafuta ubora awahi. Anayetafuta bei ya chini kabisa asubiri jioni, wakati muuzaji hapendi kurudi na mzigo.

Kukagua kabla ya kulipa

Nguo iangaliwe kwenye mwanga wa jua, si chini ya turubai, kwa kuwa turubai la rangi huficha madoa na kuchuja. Sehemu za kutazama kwanza ni kwapa, ukosi, mapaja ya suruali na pindo. Zipu ifungwe na kufunguliwa, vifungo vihesabiwe, na nguo za kuvutika zivutwe ili kuona kama zinarudi. Kifungo kilichokatika ni kazi ndogo kwa fundi cherehani. Kitambaa kilicholika hakina dawa.

Kwa viatu, soli ikunjwe kwa mkono. Baadhi ya soli laini za plastiki humeguka kwa kukaa miaka mingi, hata kama kiatu hakijavaliwa sana, na mvaaji hugundua hilo akiwa barabarani.

Namba nazo hupotosha. Gauni namba 12 la Uingereza hulingana takriban na namba 8 ya Marekani na 40 ya Ufaransa. Kiatu cha kiume namba 8 cha Uingereza huwa karibu na 9 ya Marekani na 42 ya Ulaya bara. Nguo iliyofuliwa mara nyingi huenda imeruka, hivyo ni salama zaidi kuipima mwilini au kwa futi ya fundi.

Sheria na afya

Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku nguo za ndani zilizotumika, kwa sababu za kiafya. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019 ili kulinda viwanda vya nguo. Baada ya Marekani kutishia kuondoa nafuu ya kodi chini ya mpango wa AGOA, nchi nyingine zililegeza msimamo. Rwanda ilibaki na ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Kenya nayo ilisimamisha uingizaji kwa miezi kadhaa mwaka 2020 kutokana na ugonjwa wa korona.

Nguo iliyonunuliwa isivaliwe kabla ya kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni, kama kitambaa kinaruhusu. Kisha ianikwe juani na kupigwa pasi, mishono ikitiliwa mkazo. Gharama ya sabuni, mkaa au umeme, na fundi ni sehemu ya bei. Ikiongezwa kwenye fedha alizopewa muuzaji, ndipo hujulikana kama nguo ilikuwa rahisi kweli.