King'ora cha moshi nyumbani

Moshi haumwamshi aliyelala. Huweza kumlevya akazidi kulala. Ndiyo maana king'ora kinahitajika, hasa wanapolala watoto. Mama, ukienda dukani ulizia kinachotambua moshi kwa mwanga. Huwahi kugundua godoro linalofuka, na hakisumbui sana kwa moshi wa kikaango. Kifunge kwenye dari nje ya vyumba vya kulala, na ndani yake ukiweza, angalau mita 3 kutoka kwenye jiko.

Kila mwezi bonyeza kitufe cha kujaribu, na ufute vumbi. Kikilia mara moja moja, betri inaisha: badilisha siku hiyo hiyo, wala usiichomoe kwa ajili ya rimoti ya televisheni. Baada ya miaka 10 nunua kingine.

Usitegemee watoto wataamka wenyewe. Wengi huendelea kulala king'ora kikilia, kwa hiyo pangeni mapema nani atambeba nani na mtakutana wapi nje.

Je, jiko la mkaa? King'ora cha moshi hakitambui kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi. Usilale na jiko ndani, hata dirisha likiwa wazi.