Meli za Ziwa Nyasa: Pale safari ilipokuwa mapumziko

MKAZI wa Mbinga anayetaka kula samaki wa ziwani leo hana haja ya kujipanga siku mbili kabla. Anapanda gari asubuhi, anateremka takriban kilomita 67 za lami kutoka milima ya Umatengo yenye kahawa na mashamba ya ngoro, na jua halijawa kali yuko Mbamba Bay. Barabara hiyo ya lami ni ya miaka michache tu. Kabla yake, hasa masika, mteremko ule ulikuwa tope na makorongo, na watu wa mwambao walitegemea njia moja isiyohitaji greda: meli.

Siku hizi meli kubwa za kitalii hutia nanga Zanzibar na Dar es Salaam zikiwa na watu waliolipa fedha nyingi ili wakae baharini siku kadhaa bila kazi yoyote. Mwambao wa Nyasa umezijua siku za namna hiyo kwa zaidi ya karne, ila huku hakuna aliyezinunua. Zilikuja na safari yenyewe, kwa kuwa ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na meli zake hazikuwahi kuwa na haraka.

Stima zilizobebwa vichwani

Stima ya kwanza ziwani, Ilala, ililetwa na wamisionari wa Kiskoti mwaka 1875. Kwa kuwa maporomoko ya Mto Shire hayapitiki, ilifunguliwa vipande vipande, wapagazi wakavibeba kupita maporomoko, kisha ikaunganishwa upya. Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na karibu kila stima iliyokuja baadaye.

Mojawapo ya stima kubwa za wakati huo ilikuwa Chauncy Maples ya misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyokuwa na makao kisiwani Likoma. Ilipewa jina la askofu aliyezama ziwani mwaka 1895. Ilitengenezwa Glasgow na kuletwa ikiwa vipande 3,481. Kimoja hakikugawanyika: bwela la kuchemshia maji, lenye uzito wa tani 11. Lilifungwa magurudumu, na mamia ya wanaume wa Kingoni wakalivuta kwa kamba, kilomita chache kwa siku. Meli iliingia majini mwaka 1901. Ilikusudiwa kuwa chuo cha walimu, zahanati na kanisa, vyote juu ya maji.

Aliyeishi maisha ya melini kuliko mtu yeyote ni Padri William Percival Johnson, aliyejiunga na UMCA mwaka 1876. Kwa miaka mingi alizunguka vijiji vya mwambao kwa stima za misheni. Huku anashusha mwalimu, kule anachukua wanafunzi, na penye kuni meli inasimama, kwa sababu tanuri lake lilikula magogo. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini aliitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, ambako Waanglikana wa mwambao wanamkumbuka hadi leo.

Risasi za Liuli

Liuli hiyohiyo, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake wenye umbo la sanamu ya Misri, ndiko vita vya kwanza vya dunia vilikofika ziwani kabla watu hawajapata habari. Wajerumani walikuwa na stima yao, Hermann von Wissmann, na Waingereza walikuwa na Gwendolen. Manahodha wao, Berndt na Rhoades, walikuwa marafiki waliokunywa pamoja kila walipokutana.

Agosti 13, 1914, Rhoades aliikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo, akaifyatulia mizinga. Berndt hakuwa amesikia kuwa nchi zao ziko vitani. Akaruka kwenye kimashua na kupiga makasia hadi kwa rafiki yake, akifoka na kutaka kujua amelewa nini. Alijibiwa kwa kufanywa mfungwa. Mei 1915 Waingereza walirudi kuiharibu zaidi stima hiyo, na baadaye wakaitengeneza na kuipa jina la mfalme wao, King George V.

Ziwa lisilotabirika

Pamoja na starehe zake, ziwa hili halina mzaha. Julai 30, 1946, meli mpya ya abiria Vipya ilipinduliwa na tufani upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa, ikiwa bado haijamaliza hata miezi michache ya kazi. Watu 145 walikufa. Ilipofika Ilala ya pili mwaka 1951, watu walikuwa wakiikumbuka Vipya. Ilala hiyo ya upande wa Malawi ilikuwa na sitaha ya juu ya daraja la kwanza yenye baa, na wapo wageni waliokata tiketi ya kuzunguka ziwa zima kwa takriban wiki moja kisha kurudi walikoanzia. Hao ndio waliokaribia kuwa watalii wa melini katika ziwa letu.

MV Songea na MV Iringa

Upande wa Tanzania, vizazi vya baada ya Uhuru vilikua na majina mawili: MV Iringa na MV Songea, zilizoendeshwa na Shirika la Reli, kisha Kampuni ya Huduma za Meli. Zilitoka Itungi, Kyela, zikaambaa chini ya Milima ya Livingstone na kugusa Lupingu, Manda, Lundu na Liuli hadi Mbamba Bay. Safari nzima ilichukua takriban siku moja, mchana na usiku wake, na zaidi ziwa likichafuka.

Sehemu nyingi hazikuwa na gati. Meli ilipiga honi na kusimama kwenye kina, mitumbwi ikaja mbio kutoka ufukweni, kila mmoja ukigombania ubavu wa meli. Mama anashuka ngazi kwa kinyumenyume, mtoto anapokezanwa mikono kwa mikono, gunia la dagaa linapanda huku vyungu vya Wakisi vikishuka, na karani anapiga kelele kwamba nauli ya mzigo huo haijalipwa. Baada ya nusu saa honi inalia tena, mitumbwi inaachia. Aliyebaki melini anarudi kwenye mkeka wake, anamega ugali na mbasa, anasikiliza habari za jirani ambaye jana hakumjua. Kesho yake asubuhi anajua ndoa na madeni ya nusu ya mwambao.

Katika daraja la tatu kulikuwa na msongamano na harufu ya mafuta, na aliyelala sitahani usiku wa upepo wa mwera aliamka anatetemeka. Hata hivyo palikuwa na muda, na muda huo ndio ulioifanya meli kuwa baraza la vijiji ambavyo milima ilivitenga.

Meli ya nani sasa?

Tangu mwaka 2012 mwambao huu ni Wilaya ya Nyasa, baada ya kugawanywa kutoka Mbinga. Itungi imejaa mchanga na shughuli nyingi zimehamia Kiwira. Mwaka 2017 zilishushwa meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma, za tani 1,000 kila moja, na mwaka 2021 ikazinduliwa MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200 za mizigo, zote zikiwa zimeundwa Kyela. Mbamba Bay nayo inajengewa bandari ya kisasa.

Makaa ya mawe, saruji na mahindi vitapata meli bila shida. Kazi ipo kwa abiria. Wa zamani alilipia kufika, mandhari akaipata bure. Wa sasa ana lami ya kumfikisha, na basi haliahirishwi kwa sababu ya mawimbi. Akipanda meli atakuwa ameamua mwenyewe kukaa majini siku nzima, kwa hiyo atataka ratiba isiyobadilika, maboya ya kumtosha, chakula cha moto na gati la kushukia. Mwambao ukimpa hayo, milima na maji vinatosha kumfanya arudi.